Nusu Pakiti ya Kahawa, Honkaniemi

Turku, 23 Septemba

Mjomba Tauno,

Ko, ko, ko. Mbao juu ya mbao, polepole, kama mtu anayepiga hodi kwenye mlango anaojua utafunguliwa. Nimerudi mjini tangu juzi, nimeoga mara tatu, nguo zimekauka, lakini sauti hiyo haijanitoka. Jana maktabani mtunza vitabu aligonga muhuri mezani, nami nikamwambia "karibu" kwa sauti kubwa. Watu sita waligeuka.

Shikamoo. Najua salamu zilipaswa kutangulia, na najua utaniambia. Nyonga yako mpya inaendeleaje? Mama anakusalimu. Kwaya imemhamisha kutoka mstari wa mbele hadi wa pili kwa sababu anayumba sana akiimba, na amenuna wiki nzima. Anasema simu yako imezimwa. Nimemwambia haijazimwa, imo kwenye droo ya misumari, ambako wewe nayo mmekubaliana itakaa mpaka nyumba iungue. Mimi ni mzima. Tasnifu yangu ya ramani za zamani imesimama ukurasa wa themanini na nne, na profesa ameanza kuniuliza hali yangu kwa upole, jambo ambalo si dalili nzuri.

Sasa safari. Kayaki yako ni nzima. Kuna mkwaruzo mmoja tumboni, mfupi kuliko kidole changu. Nimeupima kwa kidole kidogo.

Ulinipa karatasi yenye maagizo kumi na moja. Kumi yalihusu kayaki. Niliyafuata yote, hata lile la kutokuimba ndani yake. Siku mbili za kwanza mvua haikukatika, nikala mkate mweusi ulioloa na kujisifu kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu. Siku ya tatu sili wa ziwani alitoa kichwa karibu na kasia, akanitazama kama profesa wangu, akazama. Majani ya manjano yalikuwa yametanda juu ya maji kiasi kwamba nilihisi napiga kasia kwenye sakafu ya mtu. Nilipita visiwa kumi na tisa na sikuona binadamu hata mmoja. Nilifurahi, Mjomba. Siku tatu sikulazimika kuupanga uso wangu kwa ajili ya mtu yeyote.

Halafu agizo la kumi na moja. Nalinakili hapa, usije ukakana: "Jumamosi uwe Honkaniemi kabla ya saa sita mchana. Washa moto. Acha pakiti ya kahawa rafuni. Andika T. kwenye daftari la wageni. Ondoka. Usiulize."

Sikuuliza. Nilifikiri dawa za maumivu zimekuzidi. Pakiti nzima ya kahawa, kuwaachia wapita njia, wewe ambaye kwenye mazishi ya babu ulihesabu vikombe! Lakini nilifika saa tano. Ukungu ulikuwa mzito, sikuuona upande wa pili wa ghuba. Kile kibanda cha wapita njia kilikuwa kitupu, kuta zake tatu kavu, kuni zimepangwa. Niliwasha moto kwa gome la mti wa betula kama ulivyonifundisha, nikaweka kahawa, nikaandika T., nikaingia kwenye kayaki. Nilikuwa nimefika mwisho wa rasi niliposikia.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya kirefu zaidi. Ko, ko, ko.

Mtu alikuwa kwenye ukungu, akigonga ubavu wa chombo chake kwa kasia, akisubiri jambo. Nami nilifanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa vizuri katika nchi hii angefanya. Niliacha kupiga kasia ili nisisikike, nikajificha nyuma ya kisiwa mpaka atakapokuwa amefika, ili awe na kibanda chote peke yake. Nilikaa huko dakika ishirini na miguu ikafa ganzi. Nilijiambia ni adabu.

Sasa nauliza. Kahawa ile ilikuwa ya nani?

Mpwa wako,
Kerttu


Rantasalmi, 1 Oktoba

Kerttu,

Marahaba, msomi. Salamu hutangulia. Hilo hata mbwa wangu anajua.

Nyonga iko mahali pake. Binti wa mazoezi huja Jumanne na Ijumaa, ananipandisha kingazi cha ngazi moja, ananishusha, ananipandisha. Nimemuuliza tunakwenda wapi. Hakucheka. Nimepewa pia kijiti cha plastiki cha kuvalia soksi. Nina miaka sabini na moja, nimejenga kayaki nne na nyumba moja, na asubuhi ya leo soksi imenishinda nikamwita Pentti kutoka ng'ambo ya barabara. Pentti anajisikia mtu muhimu sana siku hizi. Analeta supu ya samaki na habari za kijiji kizima, na huwezi kupata kimoja bila kingine. Nappi anakaa kwake mpaka nitakapoweza kumtembeza. Analishwa soseji. Nilimwona juzi, ni mbwa yuleyule lakini upana wa sofa.

Mwambie dada yangu Seija asiyumbe.

Kidole chako kidogo kina urefu gani? Mkwaruzo wa sentimita tano unaingiza maji kwenye plaiwudi ifikapo masika. Chukua msasa laini, kisha vanishi, upake mikono miwili, siku moja kati ya mkono na mkono. Usiweke kayaki karibu na kipasha joto. Isimamishe kwa ubavu. Ulikausha mfuniko wa nyuma? Wewe huwa hukaushi mfuniko wa nyuma.

Vizuri kwamba ulifika saa tano. Vizuri kwamba ukungu ulikuwepo, hupendeza pale.

Kahawa ilikuwa ya kuachwa, ikaachwa.

Tauno

Aligonga mara tatu kila mara? Na alisubiri sana? Si muhimu. Nauliza tu.


Turku, 6 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Mama anayumba makusudi sasa. Mfuniko wa nyuma umekauka. Mkwaruzo umepigwa msasa, mkono wa kwanza wa vanishi umepakwa, na chumba changu kinanuka kama karakana yako, jambo ambalo limenifanya nilale vizuri kuliko kawaida. Tasnifu iko ukurasa wa themanini na nne.

Umeniuliza aligonga mara ngapi. Hukuuliza ni nani. Mtu asiyeuliza ni nani, anamjua. Hayo ndiyo niliyojifunza chuo kikuu kwa miaka tisa, na leo yamenifaa kwa mara ya kwanza.

Mara tatu, akasubiri. Mara tatu, akasubiri. Mara tatu, akasubiri kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka mia. Kisha nikasikia kasia lake likiingia majini, polepole kuliko mwanzo.

Nieleze, Mjomba, maana hili limenikaa. Tangu nikiwa na miaka saba nimesikia kwenye meza ya Krismasi kwamba Tauno huenda ziwani peke yake, kila vuli, siku tano, hahitaji mtu. Nimelichukua hilo kama watoto wengine wanavyochukua mfano wa mtakatifu. Watu wanaponiita mgumu, au wanaponialika mahali nami nikasema nina kazi, nimekuwa nikijiambia: sina tatizo lolote, nimefanana na Mjomba.

Kwa hiyo ni haki yangu kujua kama ulikuwa peke yako.

Kerttu


Rantasalmi, 17 Oktoba

Kerttu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Ndiyo, ninaandikia ndani ya nyumba. Nimechelewa hata hivyo.

Natembea mpaka sanduku la barua na kurudi kwa mkongojo mmoja. Pentti huhesabu hatua zangu kutoka dirishani kwake na kunitangazia. Nappi hakunitambua. Yaani alinitambua, lakini sikuwa na soseji.

Haya. Niliandika sentensi moja mara nne nikaichana. Hii ni ya tano.

Si peke yangu. Siku nne na nusu peke yangu. Nusu siku, hapana.

Ilikuwa mwaka ambao mvua iling'oa daraja la Haapala. Nilikuwa Honkaniemi, nimelowa, nimechemsha maji. Akaja mwanamke na mtumbwi wa kijani. Alipoona kuna mtu akageuza. Nikamwambia nilikuwa ninaondoka. Akasema la, yeye ndiye aliyekuwa anaondoka. Nikaanza kufunga mzigo. Akasema ukifunga mzigo mimi natupa kasia. Tuliagana mara mbili, sote wawili tukitiririka maji, mpaka kahawa ikachemka na kumwagikia moto. Ikabidi mtu aiokoe. Aliiokoa yeye.

Mwaka uliofuata, Jumamosi hiyohiyo, nilikuwa pale. Sikuahidi. Hakuahidi. Kuahidiana kungekuwa kumbana mtu. Lakini nilikuwa nimebeba pakiti nzima, naye alikuwa na mikate ya mdalasini sita. Akagonga mtumbwi mara tatu kabla hajaonekana, kuuliza kama kuna nafasi. Nikapiga mfuniko wa birika mara mbili, kwamba ipo. Kisha nikaenda kuchota maji, kama ninavyofanya mpaka leo, ashuke mtumbwini bila kutazamwa. Hapendi kutazamwa akishuka. Tukanywa, tukala, tukagawana kahawa iliyobaki nusu kwa nusu ya kwenda nayo nyumbani, tukaondoka kabla giza halijaingia. Hivyo mara kumi na tisa. Nadhani tumezungumza jumla ya saa thelathini, na saa kumi kati ya hizo ni kuhusu kuni.

Anaitwa Raili. Jina la pili sijui. Anakoishi sijui. Sikuuliza, kwa sababu naye hakuuliza, na yeye hakuuliza kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Kwa hiyo mwezi wa nane, daktari aliponionyesha tarehe ya upasuaji kwenye kalenda, nilitambua kwamba duniani kuna mtu mmoja ninayepaswa kumpa taarifa na sina mahali pa kuipeleka. Ndipo nikapata ile hekima ya T. Nilifikiri ataona moto, ataona kahawa, atajua nipo hai lakini nilikuwa na haraka.

Mkono wa pili wa vanishi umeupaka?

Daktari anasema sitaingia tena kwenye tundu la kayaki. Kuketi chini miguu imenyooka, na kusimama kutoka hapo, basi. Nilimuuliza mara mbili. Kayaki ni yako.

Usimwambie Seija. Ataniletea kwaya.

Tauno


Turku, 29 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Mama mzima, mimi mzima, vanishi mikono miwili. Salamu zimekwisha, sasa shika kitu.

Umefikiria vizuri jambo ulilofanya? Mtu anakuja kwa mwaka wa ishirini. Anagonga mara tatu, mara tatu, mara tatu. Hakuna mfuniko wa birika. Anafika, moto unawaka, kahawa ipo, jina lako limeandikwa, na wewe umeondoka dakika chache kabla hajafika. Mjomba! Ungekufa, angelia. Wewe umemfanya aamini umemkimbia!

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku mbili. Nilijiona mimi nyuma ya kile kisiwa, nimebana pumzi. Nilikuwa umbali wa kurusha jiwe. Ningesema neno moja tu, "hajambo, yuko hospitali", yote yangekwisha. Nilinyamaza nikaita adabu. Haikuwa adabu. Nilikuwa naogopa kwamba mgeni angeniambia habari za asubuhi.

Ijumaa nilipanda treni. Usipige kelele, nilikodi kayaki ya plastiki, yako haijaguswa. Nilifika Honkaniemi Jumapili mchana. Kingo za ghuba zilikuwa na barafu nyembamba kama ngozi ya maziwa, ikilia chini ya chombo. Vidole vilikataa kufungua vifungo vya jaketi, nikavifungua kwa meno. Nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari.

Safari hii nilisoma nyuma. Daftari lile lina miaka sita tu, ya zamani yamejaa sijui wanayapeleka wapi. Watalii wameandika kurasa nzima kuhusu machweo. Ninyi mwaka 2020: "T. Upepo. Kahawa." Chini yake: "R. Upepo. Mikate." Mwaka 2021: "T. Mvua tangu Alhamisi." Na chini: "R. Ni kweli, kama alivyosema T." Nilisoma hiyo mara nyingi. Nimesoma barua za mapenzi za watu waliokufa, ndani ya kumbukumbu za taifa, nikiwa nimevaa glovu nyeupe, na hazikunifanyia kile nilichofanyiwa na "kama alivyosema T."

Mwaka huu ile T. yangu. Na chini yake, nanakili neno kwa neno:

"R. Ukungu. Moto upo, kahawa ipo, mtu hayupo. Hii T haikuandikwa na T. Nusu ya kahawa iko kwenye sanduku la kuni. Ni yake kama yu hai. Kama hayupo, inywe wewe unayesoma, lakini iwe hapahapa."

Miaka kumi na tisa anasoma herufi yako moja kwa mwaka, Mjomba, na ameijua kuliko inavyoijua benki yako.

Nusu pakiti ilikuwa chini kabisa ya sanduku, chini ya kuni kavu, imefungwa kwa gazeti na uzi. Nimeifunga pamoja na barua hii. Kwanza litazame gazeti. Ni ukurasa wa kwanza. Unajua kwamba gazeti likiletwa nyumbani, juu kulia huchapwa jina na anwani ya anayelilipia. Ukurasa umekunjwa hivi kwamba pembe ile iko nje, katikati kabisa, na uzi umepita juu yake na chini yake bila kugusa herufi hata moja. Nimefungua vifurushi vingi maishani. Hakuna mtu anayekunja gazeti hivyo kwa bahati mbaya. Alichofanya ni kukupa anwani bila kukubana.

Anaishi Juva. Ni mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwako, Mjomba. Miaka yote hiyo, saa moja!

Naomba ruhusa yako nimwandikie. Sentensi tatu tu. Kwamba upo, kwamba hukumkimbia, kwamba nyonga.

Kerttu


Rantasalmi, 4 Novemba

Kerttu,

Hapana.

Samahani, salamu. Salamu, na hapana.

Umefanya jambo la kijinga kwenda kule na barafu. Vifungo kwa meno! Ukirudia nitakuja Turku kwa mkongojo. Asante kwa kwenda.

Kahawa imefika. Iko mezani. Sijaifungua. Pentti aliuliza kwa nini sinywi kahawa iliyo mbele yangu, nikamwambia ni ya dawa.

Nisikilize. Kule ziwani mimi ni mtu anayewasha moto wakati wa mvua. Hicho ndicho anachokijua juu yangu, na ni kitu kizuri, sina kizuri zaidi. Hapa mimi ni mzee anayevalishwa soksi na jirani. Ukimwandikia, atajibu, kwa sababu ana adabu. Akijibu, nitalazimika kumkaribisha. Akija, atakiona kile kingazi cha mazoezi sebuleni, na kijiti cha soksi, na kiti cha choo kilichoinuliwa kama cha enzi. Basi itakuwa amekuja kumtembelea mgonjwa, na yule mwingine atakuwa amekwisha.

Afadhali nibaki herufi moja.

Mwandiko wake ulikuwaje? Ulitulia, au ulitetemeka? Hukusema.

Tauno


Turku, 11 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Mama amerudishwa mstari wa mbele. Mwanamke aliyechukua nafasi yake alikuwa hayumbi hata kidogo, na wasikilizaji walilalamika. Tasnifu iko ukurasa wa themanini na saba. Na Jumapili nilipiga hodi kwa jirani wa ghorofa ya juu, yule anayepiga gitaa vibaya, mara tatu, kwa kifundo cha kidole, nikamuuliza kama ana mdalasini. Hakuwa nao. Ana chai. Huyo ni kwa siku nyingine.

Mwandiko ulitulia mpaka kwenye "kama yu hai." Hapo kalamu ilirudia herufi ya kwanza mara mbili.

Nimeisoma hapana yako. Ni hapana nzuri, imejengwa vizuri kama kila kitu unachojenga, na ina tundu moja. Unasema Raili anamjua tu mtu anayewasha moto. Nami nina hapa barua yenye mhuri wa posta wa Juva, tarehe 5 Novemba, kurasa nne, kwa mwandiko uleule. Nakunakilia sehemu moja, kwa ruhusa yake:

"Mwambie nina goti la chuma tangu miaka sita iliyopita. Siwezi kushuka mtumbwini kama binadamu. Natoka kwa magoti na mikono, kama ng'ombe anayetoka kwenye tope, na huchukua dakika tano. Kila mwaka nilikuwa nafika nikiogopa hizo dakika tano, na kila mwaka, akishanijibu kwa mfuniko, alikuwa anakwenda kuchota maji. Birika limejaa pomoni, naye anakwenda kuchota maji. Nilidhani ni bahati yangu. Mwaka wa nne wa goti nilitambua kwamba si bahati. Mtu wa namna hiyo anafikiri mimi nitajali soksi zake?"

Nilimwandikia kuhusu soksi, ndiyo. Na kingazi. Kiti cha choo sikukitaja, hicho nimekuachia wewe.

Anasema pia kwamba mtumbwi wake una viti viwili, vya juu, vya kukalia kama kwenye benchi, miguu imekunjwa. Amemuuliza binti wa mazoezi wa huko Juva, bila kutaja majina, na binti amesema nyonga mpya inaruhusu ifikapo masika. Kiti cha mbele, miaka yote hii, amekuwa akiwekea mikate.

Lakini masika ni mbali. Kwa hiyo atakuja Jumamosi hii, tarehe 15, saa sita mchana. Yeye ataleta mikate sita. Wewe una nusu pakiti mezani, naye ana nusu yake ambayo hajaifungua. Anasema hakuwa na sababu. Hana haja ya kengele ya mlango, kwa hiyo usimtume Pentti kuitengeneza. Atagonga. Wewe weka birika karibu, na mfuniko juu yake. Mchukue Nappi kwa Pentti asubuhi, umpige brashi. Soksi vaa mapema, kabla hujachoka.

Nimehesabu siku za posta. Barua hii itakufikia Ijumaa, kati ya saa tano na saa saba, na barua yoyote utakayotuma kumzuia mtu itaondoka Rantasalmi Jumatatu. Simu, kama unavyojua, ni kwa ajili ya nyumba kuungua tu.

Nawe utauliza ilikuwaje Raili ajibu tarehe 5, wakati hapana yako uliiandika tarehe 4. Nilipotoka ziwani nilikaa benchi ya kituo cha treni cha Savonlinna, mikono bado haijapata joto, nikaandika sentensi tatu, zikawa kurasa mbili, nikanunua stempu, nikaitumbukiza barua ya Juva kwenye sanduku kabla treni haijaja. Hiyo ilikuwa tarehe 28, Mjomba. Ruhusa nilikuomba tarehe 29.

Mpwa wako,
Kerttu